Mtu wa Sanduku Namba Nne

Mzee Opiyo alipofariki, wenzangu wa darasa walikubaliana kwenye kundi letu la simu kwamba mimi ndiye nitakayeandika habari zake katika kijitabu cha mazishi. "Daktari Achieng', wewe ndiye mwenye maneno," aliandika mmoja. "Ukurasa mmoja tu, na usitulize sana." Wakaanza kunitumia vipande vya kumbukumbu. Huyu alikumbuka Mzee alivyogonga kaunta ya maktaba kwa ufunguo ukinong'ona, yule alikumbuka swali lake la kila siku: "Umekuja kumwona nani leo?" Nilisoma yote nikicheka peke yangu, nikiwa nangoja mgonjwa wa kwanza wa asubuhi. Halafu mtu akauliza: "Na yule msichana wa Nyeri aliyepoteza sanduku la mifupa, aliishia wapi?" Watu wanne wakatuma vicheko. Nililaza simu kifudifudi mezani. Mgonjwa alipoingia, mama mwenye mtoto wa homa, ilibidi aniambie jina la mtoto mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikulisikia. Nyambura hakupoteza mfupa hata mmoja. Nimelijua hilo miaka ishirini na sijawahi kulisema.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, na maisha yangu yote yalikaa ndani ya vyumba viwili. Cha kwanza ni kile tulichopanga mimi na Nyambura kule Migosi, nyuma ya nyumba ya Mama Akinyi: vitanda viwili, stovu ya mafuta ya taa, kamba ya nguo iliyokatisha chumba kati, meza hakuna. Cha pili kilikuwa maktaba ya sayansi ya afya ya chuo chetu. Ukiingia, kushoto kulikuwa na kompyuta sita ambazo tuliandikisha zamu za nusu saa ili kusoma majarida ya tiba. Kulia kulikuwa na rafu ya vitabu vya saa mbili, vile vilivyogombaniwa hadi vikakatazwa kutoka nje ya jengo. Na mwisho kabisa, nyuma ya mlango wa kijani, kilikuwa chumba cha mifupa. Ilikuwa mifupa ya watu kweli, masanduku tisa ya mbao yenye namba zilizochorwa kwa rangi nyeupe, na hakuna aliyeweza kukwambia ilifika pale kutoka wapi. Nakumbuka baridi ya sakafu ya chumba kile hata Kisumu ikichemka, na harufu yake, ambayo haikuwa ya kifo hata kidogo. Kilinuka mbao, sabuni ya mche na chai ya Mzee Opiyo.

Alikuwa na desturi zake. Kwanza unanawa mikono huku anakutazama. Halafu anafungua sanduku, anafungua leso moja baada ya nyingine, maana kila mfupa mkubwa ulikuwa na leso yake, na mnahesabu pamoja kwa sauti, yeye kwa Kidholuo, wewe kwa lugha uipendayo. Hakulitumia kabisa neno mifupa. Alisema mtu. "Mtu wa namba saba yuko na mwenzako. Chukua wa namba mbili, lakini polepole, goti yake imechoka." Tulikuwa tukiangua kicheko tukishavuka mlango. Tulidhani ni vituko vya mzee aliyekaa na maiti muda mrefu kupita kiasi. Siku hizi nafikiri kwamba katika jengo lile lenye maprofesa na vitabu vinene, ni yeye peke yake aliyekuwa hajasahau tulichokuwa tumeshika mikononi.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani aliruhusu sanduku kutoka, moja kwa kila mwanafunzi mwenye kadi safi, kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumatatu asubuhi. Kadi yangu haikuwa safi. Nilikuwa nimekaa na kitabu cha saa mbili kwa siku mbili, nikafungiwa. Na katika majaribio mawili ya mifupa nilikuwa nimeanguka yote. Unashikishwa kipande, unaulizwa ni kipi, cha upande gani, na mimi kichwa kinakuwa kama chungu kilichopinduliwa. Ukianguka mtihani wenyewe, unarudia mwaka. Nyambura hakuhitaji sanduku. Alikuwa akichora mifupa nyuma ya mifuko ya sukari, bila kuangalia popote, huku akiongea habari nyingine kabisa. Ijumaa ile aliniona nimekaa kitandani nimeshika kichwa, akasema, "Chukua kadi yangu. Lakini Achi, ukipoteza hata kidole, hiyo ni shingo yangu." Nikamjibu, "Kwani kidole kitaenda wapi, sokoni?" Tukacheka mpaka Mama Akinyi akagonga ukuta.

Tulikwenda pamoja kaunta. Mzee alimuuliza Nyambura, kwa kuwa ndiye mwenye kadi: "Atalala wapi?" Nyambura akajibu bila kupepesa, "Juu ya meza, Mzee." Mzee akatutazama, kwanza yeye, kisha mimi, kwa muda uliozidi haja ya kuandika jina. Akaandika jina la Nyambura kwenye rejista, akampa karatasi yenye muhuri, na mimi ndiye niliyebeba sanduku namba nne.

Jumamosi ile nilijifunza. Ni aibu ya ajabu hii, kwamba ni moja kati ya siku zangu nzuri za ujana. Nilifunga macho nikawa nashika. Paja lina mgongo wake wa nyuma, mkali kama ukingo wa mtumbwi. Bega ni jembe dogo. Pingili za shingo zinakaa moja juu ya nyingine kama vikombe vinavyofahamiana. Nyambura alikuwa ameketi kitanda cha pili akiniuliza maswali huku akikata sukuma wiki, na nikikosea ananipiga kwa bua la mboga. Kufikia magharibi nilikuwa najua. Nikasukuma sanduku chini ya kitanda changu na juu yake nikafunika beseni kubwa la Mama Akinyi tulilokuwa tumeliazima kufulia mashuka.

Mama Akinyi hakuwa na tabia ya wenye nyumba wengine. Mumewe alikuwa mvuvi wa Dunga, na ziwa lilikuwa limemchukua miaka kadhaa kabla hatujahamia pale. Alitupikia kila Jumapili. Alimpenda Nyambura kwa sababu Nyambura alijaribu Kidholuo chake kibovu bila woga; angeweza kumsalimia "Oyawore" saa kumi na moja jioni, na Mama Akinyi akashika kiuno kwa kicheko: "Asubuhi gani hiyo, nyathina? Kuku wanaingia kulala!" Mimi alinipenda kama mtu anavyompenda binti wa kwao, bila kunitazama sana. Nimejiuliza mara nyingi kama lile nililofanya lilikuwa na wivu ndani yake. Ningependa jibu liwe ndiyo, maana wivu angalau ni hisia. Lakini nadhani ilikuwa hofu tupu.

Jumapili Nyambura alikwenda kanisani mjini na jamaa zake wanaofanya biashara huko. Mimi nilikuwa jikoni kwa Mama Akinyi, nasonga ugali. Yeye alikuwa na samaki wabichi wa kuosha.

"Beseni yangu iko wapi?"

"Iko kwetu, Mama, chini ya kitanda."

Nilisema mwenyewe, kwa kinywa changu. Nikaongeza unga. "Nikuletee?" nikamuuliza.

"Wewe songa. Miguu ninayo."

Ugali ulikuwa unaanza kushika nilipokumbuka, na hapohapo nikasikia sauti ya mbao ikikwaruza sementi. Kisha Mama Akinyi akalia, si kwa kupiga kelele, kwa sauti ndefu ya chini niliyokuwa nimeisikia matangani tu. Nilipotoka na mwiko mkononi, majirani watatu walikuwa wameshafika mlangoni kwetu, na yeye ameketi sakafuni, leso moja imefunguka mapajani mwake, na fuvu ndani yake.

"Achieng'," akasema. "Huyu ni nani yuko kwa nyumba yangu?"

Ningeweza kumweleza. Swali lenyewe lilikuwa limeniachia mlango wazi. Hakusema nani mchawi, hakusema nani kaleta laana. Ningepiga magoti nikasema: Mama, tunafundishwa hivi, ni ya maktaba, ni kosa langu sikukuambia. Angenigombeza wiki nzima. Lakini jirani mmoja, mwanamume aliyekuwa fundi wa baiskeli, alikuwa ananitazama, na mlango ulikuwa unajaa watu wanaojua jina la babu yangu. Karatasi ya muhuri ilikuwa imedondoka kando ya sanduku. Niliiokota nikampa fundi.

"Si yangu, Mama. Soma hapo. Ni ya Nyambura."

Fundi akasoma jina kwa sauti, akatikisa kichwa. "Nilisema. Watu wa kutoka mbali unawakaribisha, hujui wamebeba nini."

"Yawa, na vile anakula kwako," akaongeza mwanamke mmoja.

Na mimi, ambaye nyuma ya kitanda changu kulikuwa na daftari lililojaa majina ya mifupa hiyo kwa mwandiko wangu, nilirudi jikoni kwa sababu ugali ulikuwa unaungua.

Alirudi saa nane, kavaa gauni lake la bluu la kanisani. Godoro lake lilikuwa limekunjwa ukutani nje, ndoo yake juu yake, na ndani ya ndoo mtu alikuwa ameweka viatu vyake kwa uangalifu, kimoja ndani ya kingine. Alisimama uani akaelewa kila kitu upesi kuliko ninavyoweza kuandika. Watu walikuwa wamekaa wanamngoja.

"Achi," akasema. "Si uwaambie."

"Niwaambie nini?"

Nimeyasema maneno mengi maishani. Nimewaambia wazazi kwamba watoto wao hawataamka. Hakuna neno lililotoka kinywani mwangu likiwa jepesi kama lile. Nyambura alimgeukia Mama Akinyi, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mama, ni ya huyu. Mimi nilimpa kadi tu." Fundi akacheka. Mama Akinyi hakucheka, wala hakusema aondoke, wala hakusema abaki. Alikuwa anatazama mlango wa chumba chetu kama kwamba kuna mgonjwa ndani. Jamaa wa Nyambura walikuja na mkokoteni.

Jumatatu nilitoka mapema kwenda darasani, nikijidanganya kwamba nitamkuta Nyambura nimwombe msamaha pembeni, tuyamalize kimya. Hakuja. Niliporudi, sanduku lilikuwa kwenye kizingiti chetu, limefutwa vumbi, na kufuli yake imefungwa. Lilikuwa jepesi. Mama Akinyi alinitazama akiwa anaanika nguo.

"Peleka kwa shule sanduku yao," akasema. "Mtu mimi nimezika."

Alikuwa ameamka alfajiri akaenda kwake Dunga, kwenye boma la marehemu mumewe. Baadaye ndipo nilipoelewa. Mumewe hakupatikana. Walingoja siku kwa siku ufukweni, kisha wakafanya kama inavyofanywa kwetu ziwa likimla mtu: wakachukua tunda la yago, refu na zito, wakalilaza kaburini mahali pa mwili, wakalia. Mwanamke aliyezika tunda kwa jina la mume wake alikuwa ameona chini ya kitanda changu mwili usio na mtu wa kuuzika. Kwake hapakuwa na cha kujadili. Mahali fulani kulikuwa na mama aliyebaki na tunda.

Nilibeba sanduku hadi maktaba. Mzee Opiyo alinawa mikono, akafungua. Ndani mlikuwa na leso peke yake, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa pembe kwa pembe. Akazihesabu. Alipomaliza hakuniuliza yuko wapi; aliuliza, "Nani amemkunjia hivi?" Nikamweleza nusu ya habari, ile nusu isiyo na mimi.

Siku hiyohiyo Nyambura aliitwa ofisini. Kanuni ilikuwa wazi: mwenye deni la maktaba hapewi kadi ya mtihani, na mtihani ulikuwa Alhamisi. Alisema ukweli wote. Nikaitwa mimi, nikasema sijui, kadi ni yake, sahihi ni yake. Nilisema kwa adabu, mikono nyuma. Yule bwana aliyetuhoji aliandika kila kitu kwa kalamu nyekundu, akanishukuru.

Jumanne Mzee Opiyo aliniomba nimpeleke Dunga. Tulimkuta Mama Akinyi nyumbani kwake, karibu na pale boti zinapopakuliwa, anageuza dagaa wa omena juu ya nyavu. Alitukaribisha kwa chai na samaki wa kukaanga, na kwa muda mrefu wazee hao wawili waliongea habari za bei ya samaki na magonjwa ya miguu, kama kwamba ndicho kilichotuleta. Kisha Mzee akasema kwamba shule inataka mtu wake arudi.

"Ni mtu wao?" akauliza Mama Akinyi. "Wanajua jina yake?"

"Hapana."

"Wanajua ya mama yake?"

"Hapana, Mama."

"Basi si wao. Nyinyi mlikuwa tu mnakaa naye." Akageuza omena upande wa pili. "Nimemweka nje ya ua, kwa sababu sijui ni wa ukoo gani. Lakini nimemlaza vizuri. Mtu hazikwi mara mbili, Baba. Ukitaka kuchimba, jembe ile pale."

Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mzee Opiyo alilitazama, akamalizia chai yake, akasema, "Ero kamano kwa chakula." Hakuomba tena.

Tulirudi kwa miguu kando ya maji hadi barabarani. Alitembea polepole, na mara moja akasimama kama mtu anayepumzika. "Mimi wameniuliza kadi inasema jina gani," akasema. "Nikawaambia. Hawajaniuliza nani alibeba sanduku. Niliona nani alibeba. Lakini macho yangu si barua. Aliyebeba akisema mwenyewe, leo, mimi naandika kesho asubuhi kwamba deni si ya yule msichana. Keshokutwa anafanya mtihani."

Upepo ulikuwa unatoka ziwani, na wanawake walikuwa wanapita na karai za samaki vichwani, wakitusalimia. Nilihesabu haraka, kama mtu anayekimbia: nikisema, sifanyi mtihani mimi. Nilikuwa najua kila mfupa. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikuwa najua.

"Kadi ni yake, Mzee," nikasema.

"Sawa," akajibu.

Alhamisi nilishikishwa mfupa wa paja, kisha bega, kisha pingili ya shingo. Nilitaja yote bila kufungua macho sana. Nilipata alama ya juu kuliko wote darasani, na mwalimu akanipigia makofi. Nyambura alikuwa amepanda basi la Nakuru siku iliyotangulia. Mzee Opiyo aliandikiwa onyo na masanduku hayakutoka tena chumbani. Kwa miaka iliyobaki alinihudumia pale kaunta kwa heshima kamili. Wenzangu wote aliwaita kwa majina, hata wale watundu. Mimi, tangu wiki ile, aliniita daktari.

Nimeandika kurasa tatu za kijitabu cha mazishi na kuzichana. Kila nikifika kwenye chumba cha mifupa kalamu inatafuta njia ya kuzunguka, nami naifahamu njia hiyo kwa sababu nimeipita miaka yote hii: unasema kweli kidogo, unaacha karatasi ikusemee. Mwishowe nilipata namba ya Nyambura kwa mwenzetu mmoja aliyewahi kukutana naye. Nyambura sasa ni muuguzi mkuu wa wodi huko Nyeri. Nilimpigia saa sita mchana, nikiwa nimefunga mlango wa chumba changu cha kazi, nikataja jina langu. Kwa upande wake nilisikia magurudumu ya kitoroli na mtu akiita dawa.

Nilisema yote. Nilisema beseni, karatasi, ofisini, njia ya Dunga na barua ambayo ingeandikwa. Hilo la barua alikuwa halijui. Nikamwambia kwamba wazee wote wawili sasa wamekufa, Mama Akinyi na Mzee, na kwamba nimeweka habari hii yote kwenye kundi la darasa asubuhi ile, kwa jina langu, kabla ya kumpigia, ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Sikumwomba anisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba, lakini nilipofika pale niliona ningekuwa naazima kitu kingine tena kwake.

"Na yule mtu," akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imenenepa kidogo, lakini ilikuwa ileile. "Mlimfukua?"

"Hapana. Yuko palepale Dunga. Watoto wa Mama Akinyi wanapalilia kaburi lake."

Kitoroli kilipita tena upande wake. Mtu akamwita, "Sista," naye akajibu kwamba anakuja.

"Kumbe yeye mlimwacha akae," akasema, akakata simu.